Data za maabara zikae wapi mradi ukishafungwa: diski, seva, kanda au wingu

Maabara nyingi za utafiti katika Afrika Mashariki huanza kuulizana kuhusu hifadhi ya data wakati mradi unaelekea ukingoni. Ruzuku imebakiza miezi michache, mashine ya kusoma vinasaba imekwisha kujaza kila diski iliyokuwapo, mwanafunzi wa uzamivu aliyejua faili gani iko wapi amepata kazi kwingine, na mkataba wa mfadhili unataka data zitunzwe kwa miaka 10. Njia zilizopo ni nne: diski za nje, seva ya hifadhi ndani ya maabara, kanda za sumaku za aina ya LTO, na wingu, yaani hifadhi ya kukodi kwenye vituo vya kampuni kupitia intaneti. Zote zinafanya kazi, na hakuna hata moja ambayo haijawahi kupoteza data za watu. Makala haya yanazipima kwa vigezo vilevile, ili anayechagua ajue anachonunua na mzigo anaojitwika.

Hesabu zote zinaichukulia maabara ya mfano yenye terabaiti 50. Hicho ni kiasi ambacho maabara ya jenomiki hukifikia bila shida, kwa kuwa faili za jenomu moja ya binadamu iliyosomwa kwa kina cha kawaida huchukua makumi ya gigabaiti hata zikiwa zimebanwa. Kabla ya kuhifadhi chochote, hata hivyo, maabara iamue nini kibaki. Faili za kati ambazo programu inaweza kuzizalisha upya kwa siku mbili hazistahili kutunzwa miaka 10, na faili za BAM (vipande vya vinasaba vilivyopangwa kwenye jenomu) zikigeuzwa kuwa CRAM, muundo uliobanwa zaidi, hupungua ukubwa kwa kiasi cha kuonekana. Mara nyingi uamuzi huu peke yake huokoa fedha nyingi kuliko uchaguzi wa chombo.

Vigezo vitano

Kigezo cha kwanza ni namna fedha zinavyotoka, na ndicho ninachokipa uzito kuliko vingine. Fedha za utafiti huja kwa mkupuo na huwa na tarehe ya mwisho, ilhali data huendelea kuwapo baada ya tarehe hiyo. Chombo kinachonunuliwa mara moja kinaendana na ruzuku. Huduma inayolipiwa kila mwezi inaendana na taasisi yenye bajeti ya kudumu. Maabara ikikosea hapa, ubora wa teknolojia hautaiokoa.

Cha pili ni uimara wa chombo katika mazingira yake halisi, yaani umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo, joto, vumbi, na kwa walio pwani, unyevu wa hewa ambao Dar es Salaam na Mombasa huzidi asilimia 70 kwa sehemu kubwa ya mwaka. Cha tatu ni muda na gharama ya kuzipata data tena zinapohitajika, jambo ambalo wengi hulisahau kwa sababu siku ya kununua kila mtu anafikiria kuweka.

Cha nne ni usalama pamoja na sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya na Uganda zina sheria zao za mwaka 2019, na Rwanda ya mwaka 2021. Zote zinaweka masharti ya kupeleka taarifa binafsi nje ya nchi, na ile ya Rwanda inataka taarifa hizo zihifadhiwe ndani ya nchi isipokuwa kwa idhini. Kwa utafiti wa afya nchini Tanzania kuna pia makubaliano ya kuhamisha data yanayopitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Data za udongo au za mahindi haziguswi na mambo haya. Data za wagonjwa zinaguswa moja kwa moja.

Cha tano ni mtu. Kila njia inahitaji mtu wa kuiangalia, na tofauti iko kwenye ujuzi anaotakiwa kuwa nao na saa anazotumia kwa mwezi.

Diski za nje

*Fedha.* Hii ndiyo njia ya bei nafuu kuianza. Diski moja ya terabaiti 20 hugharimu dola mia kadhaa, kwa hiyo terabaiti 50 katika nakala mbili zinatoshea kwenye diski sita, zinazonunuliwa kwa ankara moja kabla ruzuku haijafungwa. Hakuna malipo ya mwezi, wala ofisi ya manunuzi haihitaji kuelezwa kwa kirefu ni kitu gani kinanunuliwa.

*Uimara.* Diski ni mashine yenye sehemu zinazozunguka. Takwimu ambazo kampuni ya Backblaze huchapisha kila mwaka kuhusu diski zake zinazofanya kazi katika vituo vya data vyenye ubaridi na umeme tulivu zimekuwa zikionyesha kiwango cha kuharibika cha kati ya asilimia 1 na 2 kwa mwaka. Diski iliyowekwa kabatini haichakai kwa namna hiyo, lakini ina yake: huanguka, hupata unyevu, na baada ya miaka kadhaa bila kuwashwa inaweza kukataa kuzunguka. Busara ni kuziwasha na kuzihakiki angalau mara moja kwa mwaka, na kuzibadilisha kila baada ya miaka mitano hivi. Maana yake ni kwamba kwa miaka 10 maabara itanunua seti mbili, na seti ya pili haimo kwenye ruzuku.

*Kurejesha.* Ni kuchomeka waya tu. Kwa urahisi huu hakuna njia inayoishinda.

*Usalama na sheria.* Diski iliyokatwa na mtandao haifikiwi na wadukuzi, na data hazitoki nchini. Lakini diski huazimwa. Mtu huichukua kwa siku mbili aongeze nafasi kwenye kompyuta yake, na ikirudi haina kilichokuwamo. Ikiwa ina taarifa za wagonjwa na haikufungwa kwa usimbaji fiche, kuibwa kwake ni tukio la kuripotiwa kwa mamlaka ya ulinzi wa data.

*Mtu.* Haihitaji mtaalamu, inahitaji mtunza daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa msemo huo ni wa kuchukuliwa neno kwa neno: namba ya diski, kilichomo, tarehe ya kuandikwa, tarehe ya kuhakikiwa, na alama za uhakiki za kila faili (namba ndefu inayokokotolewa kutokana na yaliyomo), kwa mfano za SHA-256, ili ijulikane kama faili iliyosomwa leo ni ileile iliyoandikwa.

Inawafaa wenye data chache, tuseme chini ya terabaiti 10, vituo vya utafiti vya mbali visivyo na intaneti ya maana, na yeyote anayetafuta nakala ya pili ya bei nafuu. Kama nakala pekee, siipendekezi kwa mtu yeyote.

Seva ya hifadhi ndani ya maabara

*Fedha.* Gharama ya kuanzia ni dola elfu kadhaa, kulingana na idadi ya diski. Ni manunuzi ya mkupuo, lakini seva ina mkia: UPS, yaani kifaa cha akiba ya umeme, ambayo betri zake huchoka baada ya miaka mitatu au minne, kiyoyozi kinachofanya kazi usiku na mchana, bili ya umeme, na diski za akiba. Bajeti inayotaja kisanduku pekee ni pungufu.

*Uimara.* Seva iliyopangwa kwa RAID 6, mpangilio unaotawanya data kwenye diski kadhaa pamoja na ziada ya kuzirejesha, huvumilia kufa kwa diski mbili kwa wakati mmoja bila kupoteza kitu. Ikitumia mfumo wa faili wa ZFS, hukagua alama za uhakiki yenyewe na kurekebisha makosa madogo kabla mtu hajayaona, na hapo huzishinda diski za kabatini kwa mbali. Adui wake mkubwa ni umeme. Seva inayozimika ghafla mara kwa mara itaharibika mapema, na umeme unaorudi kwa nguvu nyingi unaweza kuunguza diski zote zilizomo, kwa kuwa zote ziko kwenye kisanduku kimoja.

Hapa pana kosa linalorudiwa sana: RAID si nakala rudufu. Inakinga dhidi ya kifo cha diski. Haikingi dhidi ya moto, mwizi, au amri ya kufuta iliyoandikwa vibaya. Desemba 2021, katika Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani, hitilafu kwenye programu iliyokuwa ikiendesha kazi ya nakala rudufu ilifuta takriban terabaiti 77 kutoka kwenye hifadhi ya kompyuta kuu ya chuo. Zilipotea faili milioni 34 za vikundi 14 vya utafiti, na vikundi vinne havikuweza kurejeshewa data zao. Diski zote zilikuwa nzima. Zilitekeleza amri kama zilivyoagizwa.

*Kurejesha.* Ni papo hapo, kwa watu wengi kwa pamoja, kupitia mtandao wa ndani wa jengo. Kwa data zinazoguswa kila wiki hakuna mbadala wa kweli.

*Usalama na sheria.* Data hubaki nchini, na ruhusa za watumiaji zinaweza kupangwa mtu kwa mtu. Tatizo ni seva iliyoachwa wazi kwa intaneti ili watafiti waingie wakiwa nyumbani. Januari 2022 programu hasidi iitwayo Deadbolt ilivamia seva ndogo za hifadhi za kampuni ya QNAP katika nchi nyingi, ikafunga faili za wenyewe na kudai fidia. Seva ya maabara ifikiwe kwa VPN ya chuo (njia ya siri ya kuingia mtandao wa ndani ukiwa nje), au isifikiwe kutoka nje kabisa.

*Mtu.* Njia hii ndiyo inayodai zaidi. Lazima awepo mtu anayesoma barua pepe za onyo, anayebadilisha diski iliyokufa siku hiyohiyo, na anayesasisha programu. Mtu huyo akiwa ameajiriwa na mradi, ataondoka na mradi.

Inawafaa wenye data zinazotumika mara kwa mara na walio na kitengo cha TEHAMA kinacholipwa na taasisi. Kwa data zilizolala, ni gharama kubwa ya kukesha juu ya kitu kisichoguswa.

Kanda za LTO

Wengi hushtuka wakisikia kanda bado zipo. Zipo, na vituo vikubwa vya data duniani vinaendelea kuzitumia. Februari 2011, hitilafu ya programu ilipofuta barua pepe za baadhi ya watumiaji wa Gmail, Google ilizirejesha kutoka kwenye kanda, kwa sababu kosa lililopita kwenye diski zote halikuweza kuifikia kanda iliyokaa nje ya mtandao.

*Fedha.* Kaseti ni rahisi na mashine ni ghali. Kaseti ya LTO-8 hubeba terabaiti 12 kabla ya kubanwa na huuzwa kwa makumi ya dola. Ya LTO-9 hubeba 18. Terabaiti 50 zinaingia kwenye kaseti tano za LTO-8, yaani kumi kwa nakala mbili. Mashine ya kuziandika, hata hivyo, hugharimu maelfu ya dola na mara nyingi huhitaji kompyuta yenye kadi ya SAS, aina ya kiunganishi cha seva, ambayo kompyuta za kawaida za maabara hazina. Kwa maabara moja yenye terabaiti 50 hesabu hii haivutii. Idara nne au tano za chuo kimoja zikichangia mashine moja, picha inabadilika kabisa: kila idara hununua kaseti zake tu, na kaseti iliyokwisha kuandikwa hailipiwi tena wala haitumii umeme.

*Uimara.* Watengenezaji huipa kaseti miaka 30, kwa masharti. Hifadhi ya muda mrefu inataka joto la nyuzi 16 hadi 25 na unyevu wa asilimia 20 hadi 50. Kwa hewa ya Dar es Salaam, Zanzibar au Mombasa, chumba cha kawaida hakifikii masharti hayo hata siku moja, hivyo maabara ya pwani inunue pia kabati lisiloingiza hewa na kifaa cha kukausha unyevu, au iweke nakala moja katika taasisi dada iliyo nyanda za juu. Kumpa mtu ahadi ya miaka 30 bila kumtajia unyevu ni kumdanganya.

Kuna na suala la vizazi. Mashine ya LTO-9 husoma kaseti za LTO-8 lakini haisomi za LTO-7. Mashine ya LTO-8 husoma za LTO-7 lakini haisomi za LTO-6. Kaseti ya leo itakuwa nzima mwaka 2040, ila mashine ya kuisoma huenda ikawa ya kutafutwa kwa tochi. Mpango wa kanda bila mpango wa kuhamia kizazi kipya kila baada ya miaka saba au minane haujakamilika.

*Kurejesha.* Kanda husomwa kwa mfululizo, na kwa kasi: megabaiti 300 kwa sekunde ni jambo la kawaida, hivyo kaseti kamili ya LTO-8 humalizika kwa takriban saa 11. Kutafuta faili moja katikati kunachukua dakika kadhaa. Kaseti zikiandikwa kwa mfumo wa LTFS, faili huonekana kama za diski na haihitajiki programu ya kampuni fulani kuzisoma, faida ambayo sipendekezi kuiacha.

*Usalama na sheria.* Hapa kanda ni bora kuliko zote. Iko nje ya mtandao, iko nchini, mashine inaweza kuisimba, na kuna kaseti za kuandikwa mara moja tu ambazo hazifutiki.

*Mtu.* Mmoja aliyefunzwa anatosha kwa chuo kizima, kwa saa chache kwa mwezi.

Zinawafaa wenye data nyingi zilizolala na jirani wa kushirikiana naye.

Wingu

*Fedha.* Tabaka za wingu zilizotengenezwa kwa data zilizolala ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Bei ya S3 Glacier Deep Archive ya Amazon katika vituo vya Marekani ni takriban dola moja kwa terabaiti kwa mwezi, kwa hiyo terabaiti 50 ni kama dola 600 kwa mwaka, au dola 6,000 kwa miaka 10 bei isipobadilika. Ugumu upo kwenye neno «mwezi». Malipo haya hayakomi, hufanywa kwa fedha za kigeni, na mara nyingi kwa kadi. Chuo ambacho utaratibu wake wa manunuzi haujui kulipia huduma isiyo na tarehe ya mwisho humwacha mtafiti mkuu alipe kwa kadi yake. Kadi ikiisha muda na maonyo yakienda kwenye barua pepe isiyosomwa, mtoa huduma husimamisha akaunti na hatimaye hufuta kilichomo.

*Uimara.* Mtoa huduma husambaza nakala kwenye vituo kadhaa na kuzikagua mwenyewe. Kwa kinga dhidi ya moto, mafuriko na umeme wa kwetu, hakuna chumba cha chuo kinachoikaribia.

*Kurejesha.* Hapa ndipo panapouma. Data za Deep Archive huombwa kwanza, kisha husubiriwa kwa saa 12 au, kwa bei ya chini zaidi, saa 48. Halafu kuna ada ya kuzitoa nje ya wingu, ambayo huanzia karibu senti 9 za dola kwa gigabaiti. Kuzitoa terabaiti zote 50 mara moja hugharimu zaidi ya dola 4,000, yaani takriban gharama ya kuzihifadhi kwa miaka saba. Aidha kuna njia yenyewe: kwa mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde usioguswa na mtu mwingine, terabaiti 50 huchukua siku 46 kupanda na siku 46 kushuka. Na mikongo ya baharini hukatika, kama ilivyokuwa kwa EASSy na Seacom tarehe 12 Mei 2024, wakati intaneti ilipozorota katika nchi kadhaa za ukanda huu. Vyuo vilivyounganishwa vizuri na mitandao ya elimu kama TERNET, KENET au RENU vina nafuu kwenye kasi, na maabara iulize huko kabla ya kukata tamaa.

Jambo dogo la kiufundi: wingu hutoza kwa kila faili inayopandishwa, kwa hiyo mamilioni ya faili ndogo zifungwe kwanza kwenye mafurushi ya tar, yaani faili moja kubwa inayobeba nyingi ndani yake.

*Usalama na sheria.* Usimbaji na kumbukumbu za nani aliingia lini ni imara, ikiwa aliyezipanga anajua anachofanya. Kisheria, data za wagonjwa zinavuka mpaka. Amazon ina vituo Cape Town tangu 2020, lakini Cape Town nayo si Tanzania wala Kenya, na idhini bado inahitajika.

*Mtu.* Hakuna diski ya kubadilisha. Kuna ankara ya kulipa na nywila ya kutunza, na hivyo viwili viwe chini ya ofisi, kamwe visiwe chini ya mtu mmoja.

Linawafaa wenye bajeti ya kudumu, wenye data zisizo za watu, na wanaotaka nakala iliyo mbali na jengo lao.

Vipi kuhusu hazina za umma?

Data zinazoweza kuwekwa wazi zina bahati yake. Mifuatano ya vinasaba hupokelewa bure na ENA, hazina ya vinasaba ya Ulaya, na hazina wenzake za Marekani na Japani, na Zenodo, inayoendeshwa na CERN, kituo cha fizikia cha Ulaya, tangu 2013, hupokea data za fani yoyote kwa kikomo cha kawaida cha gigabaiti 50 kwa rekodi moja na kuipa kila rekodi namba ya DOI, kitambulisho cha kudumu cha kunukuliwa. Hazina hizi hazipokei kila kitu cha maabara, lakini kila kinachopokelewa huko ni mzigo uliopungua.

Kuchagua kwa hali yako

Maabara ndogo ya ikolojia au kilimo, yenye terabaiti chache na isiyo na taarifa za watu, inaweza kutosheka na jozi ya diski katika majengo mawili tofauti, Zenodo kwa kilichochapishwa, na wingu kwa nakala ya tatu, kwa kuwa kwa terabaiti tatu ankara ya mwaka ni ndogo kuliko posho ya safari moja ya uwandani.

Maabara ya jenomiki ya vimelea au mbu, yenye makumi ya terabaiti yanayoongezeka, itahitaji seva kwa kazi ya kila siku, na swali lake la kweli ni nakala ya pili iwe kanda au wingu. Kama kuna idara jirani zenye tatizo lilelile, kanda ya pamoja ndiyo ninayoielekea. Kama iko peke yake na chuo kinalipa bili bila kuchelewa, wingu litaisumbua kidogo zaidi.

Walio na data za wagonjwa waanze na kamati ya maadili na fomu za ridhaa kabla ya duka la kompyuta. Ikiwa fomu hazikutaja kupeleka data nje ya nchi, wingu la nje limekwisha kujiondoa, na kinachobaki ni seva yenye usimbaji pamoja na kanda au diski zilizofungwa katika jengo la pili.

Kituo cha pwani kisicho na chumba chenye ubaridi wa kudumu kisinunue kanda mpaka kitatue unyevu.

Na kwa maabara ambayo ruzuku yake inaisha ndani ya miezi sita, muda ndio unaoamua. Ununuzi wa mashine ya kanda hautakamilika, na wingu litakosa wa kulilipia. Nunueni diski za kampuni mbili tofauti, andikeni nakala mbili zenye alama za uhakiki, jaribuni kurejesha faili chache kwenye kompyuta ambayo haikuhusika na mradi, kisha kabidhini seti moja pamoja na daftari na funguo za usimbaji kwa maktaba au kitengo cha TEHAMA cha taasisi, kwa barua yenye sahihi ya mpokeaji na tarehe ya ukaguzi wa kwanza, kabla akaunti ya mradi haijafungwa.